15 au 30: kisa cha dodoso la sonona lililovuka mpaka

Mwalimu mmoja wa ushauri na unasihi, mtu tunayejuana naye siku nyingi, alinijia Jumamosi moja na bahasha ya kaki kwapani. Ndani mlikuwa na karatasi za wanafunzi wake wa darasa la sita na la saba: fotokopi zilizofifia, kila moja ina sentensi 20, na mbele ya kila sentensi visanduku vinne. Kwenye nakala yake mwenyewe, chini kabisa, alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: 15 na kuendelea, ana sonona.

"Kaka, nimejumlisha mpaka saa saba usiku," akasema hata kabla ya kukaa. "Zaidi ya nusu yao ni wagonjwa. Sasa nimwite mzazi gani, nimwache yupi?"

Kazi yangu ni tafsiri, na sehemu kubwa ya tafsiri hiyo ni madodoso ya afya. Yeye alitaka nikague Kiswahili tu. Sentensi alizitoa mtandaoni kwa Kiingereza, akazitafsiri mwenyewe kwa jioni mbili, kisha akampa mwalimu mwenzake wa Kiingereza azirudishe zilikotoka ili aone kama zimepotea njia. Zilirudi salama. Akapiga fotokopi.

Nikaanza kupekua. Karatasi ya tatu au ya nne ilikuwa na tiki zilizoshuka mstari mmoja kutoka juu hadi chini, zote kwenye kisanduku cha "kidogo". Mtoto yule hakusoma. Aliteremsha kalamu kama anayechora uzio. Pembeni mwalimu alikuwa amejumlisha 24, akaizungushia duara jekundu.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Dodoso hili lina sentensi 16 za mambo mabaya (nilihisi huzuni, niliogopa, nilitaka kulia) na nne za mambo mema (nilikuwa na furaha, nilijiona mzuri sawa na watoto wengine). Zile 16 zinahesabiwa 0, 1, 2, 3 kutoka "hata kidogo" mpaka "sana". Zile nne zinahesabiwa kinyume, kwa sababu kukosa furaha ndiyo dalili. Aliyetia "kidogo" kila mahali anapata 16 kwa zile mbaya na 8 kwa zile njema: 24. Na mtoto aliyechoshwa na zoezi zima, akatia "hata kidogo" mstari mzima ili atoke akacheze, anaondoka na alama 12 za bure. Amebakiza tatu tu aitwe mgonjwa.

"Mwalimu," nikamwambia, "Kiswahili tutakifikia. Hii 15 umeitoa wapi?"

Alikuwa ameikuta palepale alipozikuta sentensi.

Dodoso lenyewe ni CES-DC. Mzazi wake ni CES-D ya watu wazima, aliyoichapisha Lenore Radloff nchini Marekani mwaka 1977. Toleo la watoto likafuata mwaka 1980 kwa kazi ya Myrna Weissman na wenzake. Linauliza mtoto alivyojisikia kwa muda wa wiki moja, na jumla inaanzia 0 hadi 60. Namba 15 ndiyo inayotembea nalo tangu huko. Hata kwao haikuwa hukumu; ilikuwa na maana ya "huyu mtazameni kwa karibu". Ila namba ina ubaya mmoja: ukiiona kwenye karatasi inaonekana haina lugha. Sentensi zote 20 mwalimu alizitilia shaka, akazitafsiri, akazirudisha, akazipima. Ile 15 aliinakili tu.

Nikamsimulia ya Rwanda. Nayaeleza hapa kwa urefu kuliko nilivyomweleza siku ile, maana ndicho kisa ninachokijua ambacho dodoso hilihili lilivuka mpaka kwa adabu zote, na likafika na namba nyingine.

Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2012 katika jarida la chama cha Marekani cha madaktari wa akili ya watoto na vijana. Aliyeongoza ni Theresa Betancourt, na miongoni mwa wenzake alikuwemo Agnes Binagwaho, wakati huo waziri wa afya wa Rwanda. Swali lao lilikuwa dogo na gumu: sentensi hizi zikisemwa Kinyarwanda mbele ya mtoto wa Kinyarwanda, je, jumla inayotoka inamtenga mwenye sonona na asiye nayo?

Hawakuanza na dodoso. Walianza na maneno. Katika kazi zao na familia za Rwanda walikuwa wameuliza watu shida za watoto huitwaje, wakapewa majina: agahinda kenshi, yaani huzuni isiyokatika, kwiheba, kukata tamaa kabisa, guhangayika, wasiwasi usiotulia, umushiha, hasira zisizopoa, na uburara, utundu uliovuka mipaka ya utundu. Walipokuja kutafuta kipimo cha sonona, walichagua CES-DC kwa sababu sentensi zake zilikaribiana na yale waliyoyasikia kwenye agahinda kenshi na kwiheba. Kipimo kilifuata maneno. Kwetu mara nyingi ni kinyume: mtu anapata kipimo kwanza, kisha anazunguka akitafuta maneno ya kukivisha.

Hapo kwenye guhangayika nisimame kidogo. Mswahili akilisikia atasema analijua: kuhangaika. Ni ndugu, bila shaka. Lakini anayehangaika kwetu yuko miguuni. Anazunguka mjini kutafuta ada, amehangaika na mgonjwa hospitali tatu, anahangaika na maisha. Guhangayika ya wale watoto wa Rwanda imekaa ndani, ni wasiwasi na dhiki ya moyo isiyotulia. Ukimwuliza mtoto wa Kiswahili "umehangaika wiki hii?" anaweza kukujibu habari za kisima na ndoo. Kwiheba, kwa upande mwingine, inaingia kwetu kirahisi zaidi kuliko kwenye Kiingereza: ile -i- ya kujirejea ni -ji- yetu, na "kujikatia tamaa" inasimama karibu nayo kabisa. Undugu wa lugha unasaidia pale na kukutega pale, na huwezi kujua ni wapi mpaka umwulize msemaji.

Kuanza na maneno ya wenyeji hakukuwa ugunduzi wao. Mtafiti Paul Bolton alishafanya hivyo na watu wazima nchini Rwanda, na tena Uganda, kwenye wilaya za Rakai na Masaka, ambako jaribio la tiba ya vikundi lililochapishwa mwaka 2003 lilijengwa juu ya maneno mawili ya Kiganda: y'okwekyawa, kujichukia, na okwekubazida, kujisikitikia.

Basi wakakusanya watoto 367 wa umri wa miaka 10 hadi 17. Kila mtoto alipimwa kwa dodoso, na pia kwa MINI KID, ambayo ni mahojiano ya utambuzi yenye mpangilio maalumu, swali baada ya swali, kufuata vigezo ambavyo daktari wa akili huvitumia. Huyo ndiye rula: dodoso linaulizwa linakubalianaje na mahojiano. Halafu wakaongeza shahidi wa tatu, na hapa ndipo kazi hii inaponivutia kuliko nyingi nilizozisoma. Walimwuliza mtoto, na wakamwuliza mlezi wake: je, ana agahinda kenshi? ana kwiheba?

Kwa nini shahidi wa tatu? Kwa sababu rula yenyewe ni mgeni. MINI KID nayo imetoka nje, nayo imetafsiriwa. Wageni wawili waliopanda ndege moja wakikubaliana kuhusu nyumba ya mwenyeji, mwenyeji hajaongeza neno. Ila mama akisema kwa lugha yake kwamba mwanawe ana huzuni isiyokatika, na mahojiano ya kitabibu yakasema sonona, hapo kuna kitu. Nao walikuta utambuzi wa MINI KID unaendana vizuri na majina ya wenyeji.

Matokeo ya dodoso lenyewe ni namba nne au tano, na kila moja inasema jambo lake.

Ya kwanza ni alfa ya Cronbach, 0.86. Inasema sentensi zile 20 zinakwenda pamoja. Anayepanda kwenye moja huelekea kupanda na kwenye nyingine. Watu wengi hukomea hapa, wakiona 0.8 wanaandika ripoti kwamba dodoso limethibitishwa. Alfa haijui sonona ni nini. Kwaya inaweza kuimba kwa sauti moja na ikawa imekosea wimbo. Ya pili ni uthabiti wa kurudia: ukimpima mtoto tena baada ya muda mfupi, anakupa jibu linalofanana? Walipata 0.85, na hiyo ni nzuri kwa watoto.

Ya tatu ndiyo moyo wa shughuli: eneo lililo chini ya mkunjo wa ROC, 0.825. Jina linatisha, maana yake haitishi. Chukua mtoto mmoja ambaye mahojiano yamesema ana sonona, na mwingine ambaye yamesema hana, bila kuchagua. Mara 82 au 83 katika 100, yule mwenye sonona atakuwa na alama kubwa zaidi kwenye dodoso. Ingekuwa 0.5, ungerusha shilingi na kupata jibu lilelile.

Kisha wakatafuta mstari wa kukatia. Ukiushusha unawanasa wagonjwa wote pamoja na nusu ya wazima. Ukiupandisha unawaacha wazima salama lakini wagonjwa wanapita chini. Mstari uliowafaa ulikuwa 30. Kwenye 30, dodoso liliwanasa asilimia 81.9 ya watoto wenye sonona, na likawaacha asilimia 71.9 ya wasio nayo.

30, mara mbili kamili ya 15. Hapo mwalimu wangu akavua miwani.

Sababu yake inaweza kuwa zaidi ya moja, na sitajifanya naweza kuzitenganisha. Maisha ya mtoto yanaweza kuwa na uzito unaompandisha alama hata kama hana ugonjwa: uchovu wa kweli, njaa ya kweli, usingizi uliokatwa na mdogo wake anayelia. Namna ya kujibu nayo ni utamaduni. Kuna mahali mtu hasemi "hata kidogo" kuhusu taabu, kwa sababu hakuna asiye na taabu, na kuna mahali mtoto kujisifu kwamba ni mzuri sawa na wenzake ni utovu wa adabu. Na kuna sababu moja nzito, ambayo wenyewe waliiandika waziwazi: wale watoto 367 hawakuokotwa darasani kwa bahati nasibu. Waliletwa kwa kuelekezwa. Ni kundi ambalo shida imejaa kuliko mtaani. Kwa hiyo mstari wa 30 ni wa kundi hilo, na ili kupata mstari wa watoto wote lazima kazi ifanyike upya kwa watoto ambao hawakuelekezwa na mtu.

Mwalimu akachukua kalamu nyekundu, akakata 15. "Basi 30," akasema.

Hili ndilo kosa la pili, na ni baya kuliko la kwanza kwa sababu linaonekana la kisomi. Nikamwomba daftari tupige hesabu.

Tuseme, ni kusema tu, kwamba mahali wanapoletwa watoto wenye shida, katika watoto 200 kuna 100 wenye sonona. Tumia dodoso kwa mstari wa 30. Wenye sonona linawanasa 82. Wasio nayo linawashika kimakosa 28. Mbele yako wamesimama watoto 110, na 82 kati yao ni kweli. Robo tatu. Mnasihi anaweza kufanya kazi na kundi hilo.

Sasa peleka dodoso hilohilo shuleni, kwa wanafunzi 1,000, na tuseme 50 ndio wenye sonona. Linawanasa 41, linawakosa 9. Ila wazima ni 950, na asilimia 28.1 ya hao linawashika pia: 267. Mbele yako wamesimama 308, na wa kweli ni 41. Katika kila watoto saba au wanane ulioita wazazi wao, mmoja ndiye uliyekuwa unamtafuta. Dodoso halijabadilika hata herufi, mstari ni uleule, na ule uwezo wa asilimia 81.9 nimeuchukua kama ulivyo, ingawa nao darasani ungeweza kuwa tofauti. Kilichobadilika ni waliosimama kwenye foleni.

Alikaa kimya akizitazama zile 267. Najua alikuwa anawaza nini, maana shule nyingi barua ya mwalimu wa unasihi inayosema "mtoto wako ana tatizo la akili" haiishii kwa mzazi. Inafika kwa jirani kabla ya jioni. Alishaniambia kwamba siku ya zoezi mtoto mmoja alinyoosha mkono akauliza kama sonona inaambukiza, kwa sababu juu ya karatasi palikuwa na kichwa cha habari kwa herufi kubwa: DODOSO LA SONONA. Kichwa hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokifuta.

Tukarudi kwenye Kiswahili, alichokuja nacho.

Kile kipimo chake cha kurudisha kwa Kiingereza kilimdanganya, na kinawadanganya wakubwa kuliko yeye. Sentensi ya sita aliiandika "nilijisikia niko chini". Mwenzake akairudisha Kiingereza na ikafika vilevile, neno kwa neno, tena ikiwa nzuri. Imefika vilevile kwa sababu haikuwahi kuondoka. Ilikuwa Kiingereza kilichovaa kanzu. Mtoto wa darasa la sita akisoma "niko chini" anaweza kufikiria sakafu. Tafsiri mbovu ya neno kwa neno ndiyo inayofaulu mtihani wa kurudishwa kwa alama za juu, na tafsiri nzuri ("nilinyong'onyea, sikuwa na raha") ndiyo inayofeli. Mtihani huo una kazi yake, unakamata sentensi iliyorukwa au ukanushi uliopotea. Haujui mtoto alielewa nini.

Lakini lililonikalisha wima ni jingine, na nakiri nililiona kwa kuchelewa. Sentensi ya pili: "Sikuwa na hamu ya kula." Visanduku: hata kidogo, kidogo, kiasi, sana. Isome sasa kama mtoto anavyoisoma, jicho likitoka kwenye sentensi kwenda kwenye kisanduku cha kwanza.

Sikuwa na hamu ya kula hata kidogo.

Kwa Kiingereza kisanduku cha kwanza maana yake ni "hili halikunipata". Kwa Kiswahili kinamalizia sentensi na kuipa nguvu zote. Mtoto asiyegusa chakula wiki nzima anaweka tiki hapo kwa uaminifu wake wote, na mwalimu anampa sifuri. Ya tatu hivyohivyo: "sikuweza kufurahi", hata kidogo. Ya tano, "sikuweza kuwa makini". Ya kumi na moja, "sikulala vizuri". Sentensi nne ambazo mgonjwa zaidi anaweza kupata alama ndogo zaidi. Na kwenye zile zisizo na ukanushi, "nilihisi huzuni hata kidogo" si Kiswahili cha mtu yeyote, kwa hiyo mtoto anabahatisha. Kurudisha Kiingereza kusingeligundua hili hata mara mia, kwa sababu mtafsiri hutafsiri sentensi mahali pake na visanduku mahali pake. Mtoto ndiye anayevisoma pamoja.

Dawa yake si kubwa. Ukanushi unatolewa kwenye kitenzi: "nilikosa hamu ya kula", "nilishindwa kufurahi", "nilipata shida kulala". Kisanduku cha kwanza kinakuwa "hapana". Lakini ukishagusa hivyo, umetengeneza kitu ambacho kina tabia zake, nacho kinapaswa kupimwa upya kama walivyopima Rwanda. Ndiyo maana huwa naogopa neno "kimethibitishwa" likitamkwa bila kusema ni maneno yapi, kwa nani.

Mengine yalikuwa ya kawaida. "Wiki iliyopita" kwa mtoto ni ile iliyoisha Jumapili, si siku saba zinazoishia leo. Andika "siku saba hizi, mpaka leo". "Kidogo" na "kiasi" watoto wengi hawazitenganishi. Wapo wanaochora glasi nne, tupu, robo, nusu na iliyojaa, na hiyo husaidia, mradi glasi ziambatane na maneno. Sentensi ya hamu ya kula inahitaji mtu wa kuuliza zaidi pale ambapo chakula chenyewe cha mchana hakipo. "Nilikuwa kimya kuliko kawaida" kwenye nyumba nyingi ni sifa, mama angefurahi. Na ile njema inayosema nilihisi jambo zuri litanitokea, mwalimu alisema watoto wawili walimwuliza kama kujibu "sana" si kumsemea Mungu.

Kuna kitu ambacho sentensi zote 20 hazina, nacho ni mawazo. Mtu mzima wa Kiswahili aliyelemewa hasemi ana sonona. Neno hilo ni la kliniki na la redio. Unyogovu ndio kabisa, masikioni mwangu lina harufu ya uvivu, na sijawahi kuelewa nani aliona linafaa kumwita hivyo mgonjwa. Mtu anasema "nina mawazo", na msikilizaji anajua si mawazo ya kutunga insha. Lakini je, mtoto wa miaka 11 husema ana mawazo? Niliwahi kukaa na mabinti wa darasa la tano tukipitia dodoso jingine sentensi kwa sentensi, nikiwauliza kila moja wameielewaje, na mmoja akanisahihisha: "Mawazo ni ya wakubwa. Sisi tunasema hataki kucheza." Watu wazima nao wakimzungumzia mtoto husema amepooza, amejitenga, hachangamki siku hizi. Kazi ya Kiswahili ingepaswa kuanzia hapo, kwenye "hataki kucheza", kama ile ya Rwanda ilivyoanzia kwenye agahinda kenshi, halafu ndipo mtu atafute ni dodoso lipi linalokaribia.

Mwalimu aliuliza, basi, ingetakiwa nini ili dodoso lake lisimame. Nilimtajia kwa kifupi, na kila nilichokitaja niliona mabega yake yakishuka. Watoto wachache wa kuzungumza nao sentensi kwa sentensi. Mtu aliyefunzwa wa kufanya mahojiano ya utambuzi, asiyejua mtoto amepata ngapi ili alama zisimvute. Na ahojiwe pia mtoto aliyepata 4, na aliyepata 9, si wale wa duara jekundu tu. Ukiwahoji waliopita mstari peke yao utajua wangapi umewashika bure, hutajua kamwe wangapi wamepita chini. Na kabla ya yote, mahali pa kumpeleka atakayebainika. CES-DC haina swali la kutaka kujiua, tofauti na PHQ-9, dodoso jingine la sonona, ambalo swali lake la tisa linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Wengine huona hilo ni nafuu kwa shule. Mtoto mwenye wazo hilo anakuwa nalo umwulize usimwulize, na anaweza kuliandika pembeni ya karatasi yako.

"Mimi sikuwaandikisha majina," akasema kujitetea. "Nilitaka wawe huru."

Alifanya vema, na monita ndiye aliyekusanya karatasi, kwa hiyo bila hivyo nadhani asingepata ukweli hata mmoja. Ila dodoso la kuchuja lisilo na jina wala namba ya siri linakupa wasiwasi bila kukupa mtoto. Unajua kuna 24 mahali fulani kwenye madawati yale.

Tulikuwa tunazirudisha karatasi kwenye bahasha, zile zenye duara upande mmoja, zisizo na duara upande wa pili, nikaiona moja kwenye fungu la wasio na tatizo. Jumla 11. Tiki zimewekwa kwa utaratibu, zimesomwa. Sentensi ya pili, hata kidogo. Ya tatu, hata kidogo. Ya kumi na moja, hata kidogo. Kwenye ya kumi na saba, "nilitaka kulia", visanduku vyote vinne vilikuwa vitupu na mwalimu alikuwa amehesabu sifuri. Pembeni mtoto alikuwa ameandika kwa penseli, herufi za kuunganisha zilizolalia kushoto: jioni tu.

Nikamsogezea. Aliitazama muda mrefu, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Huu mwandiko naujua," akasema. Hakuirudisha kwenye bahasha. Aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaniuliza basi la mwisho la kurudi kwake linaondoka saa ngapi.